Kumi kwa Kusikiliza

Kwa akina Maranga hakukuwa na mgonjwa. Walikuwapo waliofariki, maana kifo hakibishi hodi, lakini kabla ya kufariki walikuwa "wamepumzika kidogo" au "wamechoshwa na safari." Aliyeitunza desturi hiyo ni Filister, mama wa nyumba, mwalimu mkuu mstaafu, mjane wa Mzee Elkanah Maranga aliyekuwa mkaguzi wa shule. Nyumba yao iko Kendu Bay, juu kidogo ya barabara, na hapana aliyepita mbele yake bila kupunguza sauti.

Mzee Elkanah alipoteza uwezo wa kusikia miaka mitano ya mwisho ya uhai wake. Hilo halikujulikana na mtu. Filister alikaa kuume kwake kanisani, kwenye vikao vya ukoo na kwenye harusi, mkono wake juu ya goti la mumewe chini ya meza. Akiligonga mara moja, mzee alitikisa kichwa kukubali. Akigonga mara mbili, mzee alikunja uso na kusema, "Hilo tulitazame tena." Siku ya mazishi askofu alimsifu marehemu kuwa mtu aliyesikiliza sana na kusema kidogo. Filister alikaa wima kwenye kiti chake, kitambaa cheusi kichwani, akaona kwamba kazi yake imefanyika vizuri.

Sasa tumaini la jina hilo lilikuwa kwa kitinda mimba, Gordon, aliyekuwa anamalizia masomo ya udaktari. Chuo chake kiliwapeleka wanafunzi wodini katika hospitali moja ya misheni upande wa Migori, watatu watatu. Kundi la Gordon lilikuwa yeye, Linet kutoka Kosele, na Abdihakim, ambaye baba yake, Mzee Dahir, ana duka la vitambaa mjini Migori. Walikuwa wamekaa pamoja tangu mwaka wa pili kama mafiga.

Kila mwezi Gordon alikuja nyumbani na kumpima mama yake presha. Filister mwenyewe ndiye aliyemnunulia ile mashine ya kupuliza kwa mkono pamoja na stethoskopu siku alipopata nafasi chuoni, na alipenda kupimwa barazani, akina mama wa kanisa wakiwapo.

"Mia na ishirini kwa themanini," Gordon angesema.

"Kama msichana!" akina mama wangeshangilia. "Min Gordon, mama wa daktari, wewe utatuzika sisi sote."

Kwamba kichwa kilikuwa kinamgonga kisogoni kila asubuhi, hilo Filister aliliita uchovu.

Jumamosi moja Gordon alikuja na wenzake wawili kula chakula cha mchana. Filister alikaanga samaki, akapika mboga ya osuga kwa maziwa, na kwa heshima ya Abdihakim akamkabidhi kuku na kisu ili achinje mwenyewe. Kijana alichinja, akanawa, akaja mezani akicheka.

"Mama, huyu mtoto wako ametumaliza," alisema. "Alama za wenzake zinampandisha mpaka juu ya orodha. Sisi tunabaki chini tunamwangalia kama ndege."

"Alama za wenzake ni zipi?" Filister aliuliza.

Abdihakim alieleza. Mhadhiri wao, Daktari Ombui, alikuwa na utaratibu wake. Mwisho wa kila kipindi wodini aliwakalisha kundi zima mbele yake, na kila mmoja akamtolea mwenzake alama kwa sauti, moja hadi kumi. Anawahi kazini? Anamheshimu mgonjwa? Anasikiliza? Anakubali akikosolewa? Daktari Ombui aliamini kwamba mwalimu humwona mwanafunzi kwa dakika chache tu, bali wenzake humwona mchana na usiku. Alama hizo ziliongezwa kwenye za mtihani.

"Na hamuoneani aibu?" Filister aliuliza.

"Aibu ya nini, Mama? Pale ni kusifiana tu. Mimi humwambia daktari, 'Huyu Gordon Maranga, ndume ya Kendu, mgonjwa akimwona anapona kabla ya sindano!' Linet naye anaongeza. Ni kama matanga ya wakubwa, kila mtu anainuka na sifa yake."

"Usinisingizie," Linet alisema, lakini alikuwa anatazama sahani yake. "Mimi husema moja tu. Anasikiliza. Hapo nampa kumi."

"Kumi kwa kusikiliza," Abdihakim alithibitisha. "Kila mara. Hata ukimwamsha Linet usingizini."

Gordon alitabasamu. Alikuwa na tabasamu la baba yake, lile linalokuja kidogo baada ya watu wengine kucheka.

Filister aliliona. Hakutaka kuliona, lakini mtu aliyekaa kuume kwa Elkanah miaka yote ile halikosi jambo kama hilo. Akanyanyuka kuongeza maji ya kunawa.

Baada ya kula, Gordon alitoka uani kumfunga mbuzi aliyekata kamba. Filister alisimama mlangoni, nyuma yake, hatua chache tu. "Gordon," aliita. Kijana aliendelea na fundo lake. "Gordon!" Mbuzi aligeuka. Gordon hakugeuka. Filister aliutazama mgongo ule uliotulia, mpana, wenye amani, na akaujua. Alikuwa ameulalia kwa muda mrefu mgongo wa namna ile.

Akazunguka taratibu mpaka mbele ya mwanawe. Gordon aliinua uso, akatazama si macho ya mama yake bali midomo yake.

"Chai iko tayari," Filister alisema.

Ilipofika saa ya presha, hakukuwa na akina mama wa kanisa, ila wageni walikuwapo na kiti kiliwekwa barazani kama kawaida. Gordon alimfunga mama yake kitambaa cha mashine mkononi, akavaa stethoskopu, akakigandamiza kichwa cha chombo hicho penye mshipa wa kiwiko. Akapuliza. Akafungua hewa polepole, uso wake umejaa makini, macho kwenye mshale wa kipimo.

"Mia na ishirini kwa themanini."

Filister hakuwa anautazama mshale. Alikuwa anamtazama Linet, na Linet alikuwa anakitazama kile kichwa cha stethoskopu. Kisha Linet na Abdihakim walitazamana, kisha Abdihakim akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

"Linet, nyara, binti yangu," Filister alisema, "njoo unisaidie vyombo."

Jikoni alifunga mlango. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Mama."

"Nilifundisha watoto wa watu tangu kabla mama yako hajakuzaa. Umeona nini?"

Linet aliokota kijiko, akakirudisha mahali pale pale. "Kile kichwa kina pande mbili," alisema mwishowe. "Unakizungusha. Ukikizungusha upande mmoja, mwingine unaziba. Kilikuwa upande uliozibwa."

"Maana yake?"

"Maana yake hakuna aliyeweza kusikia kitu pale. Hata mimi. Mwenye masikio angejua papo hapo na kukigeuza."

Filister alikaa kwenye kigoda. Alimnyoshea mkono bila kusema. Linet alitoa mashine yake mwenyewe mkobani, akampima pale pale kati ya masufuria, akampima tena, na uso wake ukabadilika.

"Mama, kichwa kinakuuma?"

"Sema namba."

"Mia na tisini na tano kwa mia na kumi na tano." Sauti yake ilikuwa chini. "Dawa, Mama. Leo, si kesho."

Nje Abdihakim alikuwa akisimulia kitu kwa sauti kubwa mno, akimwelekezea Gordon uso wake wote, kama mtu anayemsemesha aliye ng'ambo ya mto.

"Na wewe ukampa kumi," Filister alisema. "Kwa kusikiliza."

"Anasikiliza, Mama! Sikudanganya. Anamkalia mgonjwa karibu, anamtazama usoni, hamkatizi neno. Wagonjwa wanamuulizia yeye kwanza. Hakuna anayesikiliza kama yeye."

"Kusikiliza ni kutega sikio," Filister alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ya darasani ikamtoka bila kuitwa. "Kusikia ni sauti kufika. Kwa Dholuo tunalo neno moja, *winjo*, linabeba yote mawili, ndiyo maana watoto wetu wanachanganya. Niliwakata alama kwa kosa hilo mpaka mkono ukauma. Daktari Ombui ni Mkisii, mmeongea naye Kiswahili na Kiingereza. Hakujua mnalipima lipi kati ya hayo mawili."

"Mimi nilijua," Linet alisema.

Kisha yakamtoka yote, kama maji yaliyozibwa. Abdihakim husimama karibu na Gordon wodini, na akisikia moyo wenye kasoro humkanyaga kidole cha mguu. Linet kazi yake ni jioni. Hupita nyuma ya Gordon, kitanda kwa kitanda, anawapima upya wagonjwa wake wote. Mara nyingi hakuna tofauti, maana Gordon ana akili na macho yake yanaona mengi. Lakini wiki mbili zilizopita alikuta mtoto wa mama mmoja aliyetoka huko Ntimaru, Gordon ameandika kwamba mapafu yake ni safi. "Niliweka stethoskopu, Mama, nikasikia kama chumvi ikikaangwa. Pande zote mbili. Tulimkimbiza kwenye oksijeni. Alipona kwa sababu nilipita."

"Basi endelea kupita."

"Mwezi ujao tunamaliza. Kila mmoja anapangiwa hospitali yake. Nani atapita nyuma yake?"

Swali hilo lilisimama jikoni kama mtu wa tatu. Filister alilitazama kwa akili yake yote, akatafuta njia iliyozunguka nje ya aibu, na kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye akili, akaipata.

"Una mchumba?"

"Mama?"

"Nimeuliza swali la Kiswahili. Gordon si kijana mbaya. Ukoo wake unaujua. Nitatuma wazee Kosele kwa baba yako kwa heshima zote. Mkioana mnaweza kuomba hospitali moja. Mke kukaa karibu na mumewe si jambo la kuulizwa. Mimi nilikaa."

Linet alicheka kwanza, kicheko kifupi cha woga, kisha akaona kwamba mama huyu hatanii. Alisimama akajifuta mikono.

"Mama, nakuheshimu kama mama yangu. Lakini nilisomea udaktari. Sikusomea kuwa masikio ya mtu."

"Ni kazi ya heshima kuliko unavyodhani."

"Wewe ulikuwa unamsikilizia mume wako maneno ya harusi," Linet alisema polepole, na Filister akashtuka kwa jinsi binti huyu alivyolifungua jambo bila kuambiwa. "Mimi ningekuwa namsikilizia mapafu ya watoto. Nikilala je? Nikizaa je?"

"Jumatano mtakaa tena mbele ya huyo Ombui?"

"Ndiyo. Ndiyo ya mwisho. Nilikuwa nimekata shauri kusema. Wamwangalie masikio, kuna vifaa siku hizi, kuna hata stethoskopu zinazokuza sauti. Si lazima afukuzwe."

"Atakuwa daktari kiziwi. Ndivyo watakavyosema sokoni. Halafu watakumbuka babake na kuanza kuhesabu." Filister alinyanyuka, na alipokuwa amesimama hakuna aliyeweza kumbishia. "Umekula chumvi ya nyumba hii, Linet. Maneno haya yaishie hapa penye masufuria. Ukiyatoa nje, mlango huo usiupite tena."

Binti wa Kosele aliyelelewa vizuri hajui kumjibu mama wa mtu mara mbili. Linet alifungua mlango, akatoka.

Dawa Filister alizifuata, lakini si Kendu Bay, ambako kila mtu angeuliza mama wa daktari anatafuta nini kliniki. Alikwenda mpaka Kosele, akajifunga leso mpaka machoni. Kijana aliyempima alipiga mluzi. "Mama, nani alikuwa anakupima wewe?"

"Sikuwa nikijipima," Filister alisema.

Jumatano jioni simu yake ililia. Alikuwa Linet.

"Nimesema kumi," alisema.

"Ero kamano, nyara."

"Usinishukuru, Mama." Simu ikakatika.

Gordon aliongoza darasa kwa alama za wenzake. Baada ya mtihani wa mwisho alipangiwa mwaka wake wa mazoezi katika hospitali ndogo mbali na ziwa, wodi ya watoto kwanza. Habari zilienea kwa haraka ya habari njema, na Umoja wa Akina Mama wa kanisa ukaamua kumuaga kwa maombi nyumbani kwake. Viti viliazimwa, turubai likafungwa. Abdihakim alikuja kutoka Migori na kitambaa kizuri cha shuka kutoka duka la baba yake. Linet alikuja pia, akakaa nyuma kabisa, hakuingia ndani ya nyumba.

Sifa zilitolewa. Kila aliyeinuka aliongeza yake juu ya ile ya mwenzake. Gordon alikaa mbele, suti ya kijivu, macho yake yakihama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, akitabasamu baadaye kidogo kuliko wote. Filister alikuwa kuume kwake. Mkono wake ulikuwa juu ya goti la mwanawe. Hakukumbuka ni lini aliuweka pale.

Ndipo Mama Beverly, mwenyekiti wa Umoja, mwanamke wa vicheko na mwili mkubwa, akainuka na mjukuu wake begani.

"Daktari, nisamehe, najua leo hukuja kufanya kazi," alisema. "Lakini huyu bwana mdogo ananinyima usingizi kwa kukohoa. Msikilize kidogo, tujivunie kwamba wetu ndiye aliyemsikiliza wa kwanza."

Watu walipiga makofi. Gordon alitoa stethoskopu mfukoni. Alimfungua mtoto shati kwa upole ambao hakuna anayeweza kuufundisha, akamchekesha, akaweka kile kichwa mgongoni, hapa, kisha hapa, kisha mbele. Turubai zima lilinyamaza ili daktari asikie.

Na katika ukimya ule Filister alisikia. Hakuhitaji chombo. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi, kila pumzi ikikwaruza ikiingia na kukwaruza ikitoka, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu. Aligeuza kichwa. Kule nyuma Linet alikuwa amesimama.

Gordon alivua stethoskopu. "Safi kabisa," alisema. "Mafua tu. Mpe maji ya uvuguvugu."

"Bwana asifiwe!" Mama Beverly alimrudisha mtoto begani. "Mmesikia? Safi!"

Abdihakim aliinamisha kichwa. Linet hakukaa. Alimtazama Filister tu, kwa mbali, kwa macho ya mtu aliyekwisha kusema alichokuwa nacho jikoni.

"Sasa mama amwombee mtoto wake baraka," mchungaji alisema. "Karibu, Mwalimu."

Filister alisimama. Gordon alisimama naye, akamgeukia, akaukazia macho mdomo wa mama yake kama alivyofanya tangu lini, tangu miaka mingapi ambayo yeye hakuhesabu kwa sababu hakutaka. Damu ilikuwa ikimgonga kisogoni licha ya vidonge. Aliona mtoto wa watu anavyohangaika kuvuta hewa begani kwa bibi yake. Aliona wodi asiyoijua, na vitanda vidogo, na mwanawe akipita katikati yake na tabasamu lake, na nyuma yake njia tupu.

Kwa mkono wa kushoto aliinua ncha ya leso, akajifunika mdomo, kama wafanyavyo wanawake wengi wakitaka kulia.

"Gordon," alisema, kwa sauti iliyofika kiti cha mwisho, "mwanangu, husikii. Baba yako naye hakuwa anasikia. Usimguse mgonjwa yeyote mpaka upimwe masikio. Na mjukuu wa Mama Beverly apelekwe hospitali sasa hivi."

Chini ya turubai vichwa viligeukiana.

Gordon alingoja kidogo, ahakikishe kwamba sala imekwisha. Kisha akainamisha kichwa mbele ya mama yake, kwa adabu aliyolelewa nayo, akasema kwa sauti ya furaha:

"Amina."

Hakuna aliyeitikia. Mama Beverly alikuwa ameshamshusha mjukuu begani na kumkumbatia kifuani, na Linet alikuwa anapita katikati ya viti kumwendea, stethoskopu mkononi. Gordon aliinua uso. Alitazama mchungaji, akatazama akina mama, akamtazama Abdihakim aliyekuwa anafuta macho, na kwa mara ya kwanza hakujua ni uso upi wa kuusoma.

Filister aliondoa leso mdomoni. Alimshika mwanawe mabega yote mawili, akamgeuza mpaka wakaonana uso kwa uso, akaanza kuyarudia maneno yale yale, taratibu, neno moja moja. Alipofika kwenye lile linalomhusu baba yake, tabasamu lilikuwa limekwisha kuondoka usoni mwa Gordon, na mikono yake ilikuwa inapapasa kifuani ikitafuta stethoskopu aivue, ingawa hakuwa ameivaa.